Piga Hodi, Shemeji

Kwetu mlango haugongwi. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mjini wakisikia kwamba nimeweka kengele yenye kamera mlangoni kwangu, hapa Kibiti, hudhani nimeanza kuiga maisha yao. Sijaiga mtu. Kwetu mlango haugongwi, haushikwi, wala hausukumwi. Anayekuja husimama kando ya fremu, uso kauelekeza barabarani asije akaona ya ndani, kisha hupaza sauti: hodi. Asipojibiwa hupiga ya pili. Ya tatu ikikosa majibu huondoka zake, na hana haki ya kununa. Tulifundishwa hivyo chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kabla hatujajua kusoma, na mimi mwenyewe, miaka yote niliyofundisha darasa la kwanza, niliwafundisha watoto wa watu hodi kabla ya herufi a.

Nimekulia bondeni, kwenye mashamba ya mpunga, msimu mzima tukilala juu ya dungu, kile kibanda kinachosimamishwa juu ya nguzo ndefu ili maji ya mto yakifurika yapite chini. Dungu halina mlango. Lina ngazi tu. Lakini hata mjomba wangu, aliyelijenga dungu letu kwa mikono yake, hakuwahi kuikanyaga ngazi ile kabla hajapiga hodi kutoka mbali na kusikia mama akisema karibu. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba hodi inahitaji mbao na bawaba. Inahitaji mwenye nyumba, basi.

Mume wangu alipokuwa hai, kaka yake mkubwa alipiga hodi kama watu wote. Tena alikuwa na hodi nzuri, ndefu, ya mtu aliyezoea kuadhini. Mume wangu alipofariki, hodi ile ikafa naye. Nilikuwa bado edani shemeji huyu alipoingia kimya kimya mara ya kwanza, akapita hadi sebuleni, akavuta kiti cha ndugu yake, akakaa. Nikakimbilia chumbani nikijifunika. Nikajiambia ni huzuni, msiba unawachanganya watu, nikamsamehe. Eda ikaisha, huzuni yake ikawa haiishi. Aliingia asubuhi nikipepeta mchele. Aliingia mchana nikiwa nimejilaza. Siku moja nilitoka bafuni na kanga moja, nywele zinachuruzika maji, nikamkuta kasimama katikati ya sebule yangu, anagonga ukuta kwa konzi, anasikiliza kama saruji imeshika.

"Shemeji, hodi je?" nikamwuliza, nimejibanza nyuma ya pazia.

"Hodi nyumbani kwa ndugu yangu?" Akacheka. "Kwani miye mgeni hapa?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Wazee wa ukoo walikwishakaa na shehe, wakasema wazi kwamba nyumba hii ni ya mjane na mwanawe. Yeye alikuwapo, akaitikia amina pamoja na wenziwe. Alichoshindwa kukisema kwa mdomo mbele ya wazee, sasa alikuwa anakisema kwa miguu. Kila alipoingia bila hodi alikuwa anasema yangu, yangu, yangu. Ukimwachia mtu aseme hivyo muda mrefu, majirani nao huanza kuzoea, na siku moja unajikuta wewe ndiye unayepiga hodi.

Utaniuliza mbona sikufunga komeo. Nilifunga. Akautikisa mlango mpaka vumbi likadondoka, akapiga kelele "Fungua!" mtaa mzima ukasikia, na jioni yake pale barazani msikitini akawauliza wenzake, kwa upole wote, mjane anajifungia ndani mchana kweupe na nani. Maneno hayo yalinifikia kabla ya swala ya isha. Utaniuliza pia habari ya kitasa, maana ufunguo alikuwa nao. Mume wangu alimkabidhi zamani tulipokwenda Dar kwa matibabu, hakuurudisha. Kitasa ningeweza kubadilisha siku hiyo hiyo. Lakini mtu uliyemfungia kwa kitasa atasimama barabarani aseme kafungiwa, watu wamwonee huruma. Mimi sikutaka afungiwe. Nilitaka apige hodi.

Mwanangu yuko Dar, anafanya kazi ya ofisini, mtoto mpole kupita kiasi. Nilipomweleza kwa simu alivuta pumzi.

"Mama, si uhamie huku tu kwangu? Nyumba baba mkubwa ataiangalia."

"Ndicho anachokingoja hicho."

"Baba mkubwa hana nia mbaya, Mama. Ni mazoea."

Nilimkata kauli. Nikamwambia sihami, sitahama, na siku nitakayotoka kwenye nyumba hii nitatoka nimebebwa. Akasema basi angalau tutafute kengele ya kisasa, ile yenye kamera, ofisini kwao wanayo mlangoni. Alidhani ananipoza. Mimi nilikwishaanza kutafuta viatu.

Nikapanda basi hadi Dar, na Kariakoo mimi na mwanangu tuliingia duka moja lililojaa nyaya na taa. Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye miwani kaipandisha kwenye paji la uso, na kama ilivyo kawaida alizungumza na suruali, hakuzungumza na buibui.

"Bosi, hii itamfaa mama sana," alimwambia mwanangu. "Mtu akibonyeza tu, simu yako inaita. Unamwona, unaongea naye hata ukiwa China."

"Simu ya nani inaita?" nikauliza.

"Ya bosi hapa."

"Na mlango ni wa nani?"

Akashusha miwani akanitazama vizuri. Kuanzia hapo biashara ikawa yangu na yeye. Alinionyesha moja yenye rangi ya dhahabu, nzuri hasa, ila inataka waya wa umeme muda wote. Nikamwambia umeme wetu una tabia zake, ukiamua kulala haumwamshi mtu. Akanionyesha nyingine ambayo picha zake zinakwenda kutunzwa huko mbali, kwenye mitambo ya watu, na unalipia kila mwezi. Nikamwuliza hao watu ni akina nani. Hakuwajua. Nikamwambia basi kama wewe unayeuza huwajui, sitawapelekea picha za mlango wangu. Tukafika kwenye moja nyeusi, ya betri, inayotunza picha zake yenyewe kwenye kadi ndogo tumboni mwake.

"Na mtu asiyebonyeza?" nikauliza.

"Kila mtu anabonyeza, mama. Si kengele?"

"Kwetu hawabonyezi. Wanapiga hodi."

Alicheka, lakini si kwa dharau. "Hii haijui hodi, mama yangu. Ila mtu akisimama tu mbele yake, inaamka yenyewe na kukupa taarifa. Hata asipogusa kitu. Hata akija kimyakimya."

Niliposikia hata akija kimyakimya, nikamwambia afunge mzigo.

Tukiwa nje mwanangu akaniambia tuunganishe simu tatu: yangu, yake, na ya baba mkubwa, maana yeye ndiye aliye karibu kukitokea jambo. Nilimtazama huyu mtoto niliyemzaa mwenyewe nikaona hajaelewa hata chembe.

"Baba," nikamwambia, "jambo lenyewe ndiye huyo."

Iliunganishwa simu moja. Mpaka leo ni moja.

Niliifunga mwenyewe. Fundi wa umeme alitaka kuja, nikamwambia ndoano za pazia za nyumba hii nilizitia mimi. Nikatoa keekee ya marehemu kutoka kwenye sanduku lake, nikatoboa fremu ya mlango. Fremu ni ya mninga, haina mchezo. Mkono uliniuma, jasho likanitoka, wapita njia wakasimama kunitazama na mmoja akaniuliza kama sina mtu wa kunisaidia. Nikamwambia ninaye, ni mimi. Nikakaza skrubu, nikapachika kengele usawa wa kifua, ikitazama barabarani.

Kuiunganisha ndiko kulikonitoa pumzi. Mle ndani kuna bibi anaongea Kiingereza cha puani, kila ukikosea anakuambia jambo lile lile kwa sauti ile ile, hachoki, hakasiriki. Unatakiwa uweke programu kwenye simu, programu inakupa mraba wenye vidoti vyeusi, mraba huo unauonyesha kwenye jicho la kengele, jicho linausoma. Langu halikuusoma. Nilipandisha simu, nikaishusha, nikaisogeza, nikaonekana kama mtu anayeibembeleza fremu ya mlango. Kumbe sikuwa nimebandua ile karatasi laini ya plastiki inayofunika jicho. Nilipoibandua, bibi wa Kiingereza akafurahi papo hapo. Intaneti yangu inatoka kwenye kile kidude cha laini cha kuchaji, ambacho umeme ukikatika kinaendelea. Kilinitaka nikipe jina, lile ambalo kila mwenye simu jirani ataliona akitafuta waifai. Nikaandika kwa herufi kubwa: PIGA HODI. Nenosiri silisemi.

Nikaketi kungoja nione wageni wangu.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu, tuliyepakana naye ukuta kwa ukuta, Mmatumbi aliyeletwa hapa mtaani akiwa bi harusi na hajapoteza hata kidogo mkokoto wa maneno ya kwao milimani. Nilisikia hodi yake kwa masikio yangu. Simu kimya. Nikatoka, nikamkuta kasimama pale pale wanaposimama watu wote, kando, mgongo kauegemeza ukutani, anatazama mbuzi wa barabarani.

"Mwenzangu, si ubonyeze hicho kidude," nikamwambia.

Akakisogelea kwa ubavu, akakichungulia. "Ehe! Kumbe kina jicho. Asalaam alaykum, jicho." Akangoja kijibu. Kilipokaa kimya akatikisa kichwa. "Hakikufunzwa hiki."

"Bonyeza, kitalia ndani."

"Nibonyeze nyumba ya watu sijakaribishwa? Weye, miye nimelelewa."

Na hakubonyeza. Hakuna aliyebonyeza. Wiki ile nilifungua picha za kengele yangu kila jioni, na nilichokuta humo kilinifanya nicheke peke yangu kama mwehu. Ncha ya kanga. Kiwiko. Ungo wa dagaa unapita hewani bila mwenyewe. Mwalimu wa madrasa alikuja kuniulizia jambo, ikapatikana kisigino chake na upindo wa kanzu. Watu wote waliokuja kwangu kwa heshima walisimama kando, wakageuza uso, na jicho nililolileta kutoka Kariakoo halikuwaona.

Isipokuwa mmoja. Yeye alitokea uso mzima, katikati, mpaka vinyweleo vya pua. Anakuja moja kwa moja, haangalii kulia wala kushoto, mkono umekwishatangulia kwenye kitasa. Picha safi kabisa. Siku ya kwanza hakujua kengele ni nini. Ya pili aliipiga ukucha. Ya tatu alitema mate chini yake, kisha akaingia.

Mwanangu aliponiuliza inafanyaje kazi nikamweleza. Akasema, "Umeiweka vibaya, Mama. Igeuze kidogo upande wanaposimama. Au waambie watu wasimame katikati."

Hapo nilimtolea uvivu. Nikamwambia watu hawa wanageuza uso ili wasinione ndani ya nyumba yangu, na wewe unataka niwafundishe kuchungulia ili mashine iwaone? Kengele haikuwekwa vibaya. Inamwona asiye na adabu na kumwacha mwenye nayo, na mimi sikujua kwamba kuna kitu kama hicho dukani, lakini kwa kuwa nimekipata, sikigeuzi. Nikamtumia picha za baba yake mkubwa, zote, moja baada ya nyingine.

"Hajapiga hodi hata moja?" akauliza.

"Sikiliza mwenyewe. Ina sauti."

Sikumlazimisha aseme kitu. Ni baba yake mkubwa, ndiye aliyemshika mkono makaburini. Najua inavyouma. Lakini nyumba haiwezi kuwa yangu kwenye maneno ya wazee na kuwa yake kwenye miguu ya mtu.

Mpunga ulipoanza kuiva nilikwenda bondeni, upande wa Mkongo, kukaa na dada yangu tulinde ndege. Nikafunga mlango wangu kwa ufunguo, nikamwachia jirani kuku. Chini shambani mtandao haushiki. Ukitaka kuongea na dunia unapanda juu ya dungu. Ndiko nilikokuwa, nimenyoosha miguu, mchana, dada yangu akiwatupia ndege udongo na kuwatukana, simu ilipoita ule mlio wa kengele.

Alikuwa yeye, katikati ya picha. Nyuma yake walikuwapo wanaume wawili nisiowajua, mashati wamechomekea, wale wanunuzi wa ufuta wanaokuja msimu ukikaribia kutafuta vyumba vya kuhifadhia mzigo. Nao walikuwa wamesimama kando, nusu ndani ya picha nusu nje, kama watu waliolelewa. Shemeji alikuwa anawaeleza.

"Vyumba viwili vya nyuma ni vikavu kabisa. Sakafu ya saruji. Humu nyumba yangu, hakuna wa kuwasumbua." Na ufunguo ulikuwa mkononi.

Niliona vyumba vyangu vimejaa magunia ya watu, nikajiona nimerudi kutoka shambani na kuambiwa nipite pembeni. Nilibonyeza pale pa kuongea nusura niitoboe simu.

"Nani?"

Aliruka. Ufunguo ukagonga kitasa ukarudi.

"Miye," akasema, akitazama juu, akitazama chini, akitafuta ninakotokea.

"Miye nani?"

Hata mtoto wa chuoni anajua kwamba miye si jibu. Ukiulizwa nani, unajitaja. Wale wageni wakatazamana.

"Shemeji, ni miye, acha mchezo. Nimekuja na wageni."

"Miye nani?"

Akajitaja. Jina lake na la baba yake, kama mtu yeyote. Alilitamka kwa meno.

"Na umepiga hodi?"

Akawageukia wageni akijichekesha. "Wanawake na hivi vidude. Huyu shemeji yangu, mke wa marehemu ndugu yangu."

"Nyumba ya nani hii?" mmoja wao akauliza, pole pole.

Jirani yangu alikwishasikia sauti yangu inatoka ukutani na mimi mwenyewe nipo Mkongo. Aliibuka kwake na mwiko mkononi, akasimama hapo hapo anaposimama siku zote, kando, kimya. Mimi niliuona mwiko tu.

"Piga hodi, shemeji," nikasema.

Ufunguo alikuwa nao. Angeweza kufungua, na mimi niliye juu ya dungu bondeni kule ningemfanya nini? Nilijua hivyo, naye alijua hivyo. Lakini kulikuwa na watu wawili waliolelewa, na mwiko, na sauti ya mwenye nyumba imekwishauliza nani. Alisimama kwa muda ufunguo ukiwa umeelekea kitasa. Kisha akaushusha.

"Hodi," akasema.

Sikujibu.

"Hodi!" Ile ya zamani, ndefu. Dada yangu akaacha kurusha udongo, akaniangalia kutoka chini. Nikajiwekea kidole mdomoni, anyamaze.

"Hodi, jamani." Hii ya tatu haikuwa na nguvu.

Nilinyamaza. Wale wanunuzi wa ufuta hawakungoja kuelezwa. Hodi tatu zimepigwa, mwenyewe hakukaribisha. Mmoja aligusa kifua chake kwa heshima kuelekea mlangoni, wakageuka, wakaondoka. Yeye alibaki kidogo peke yake katikati ya picha. Halafu naye akawafuata.

Nilishuka dungu. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena, dada yangu akadhani kuna msiba. Nilipomweleza alikaa chini kwenye tope la shamba akajipiga mapaja, na ndege siku ile walikula mpunga watakavyo.

Usiku wa kuamkia Ijumaa mwanangu alinipigia. Baba yake mkubwa alikuwa amempigia yeye kwanza, kulalamika kwamba nimemwaibisha mbele ya watu.

"Ukamwambiaje?" nikauliza.

"Nimemwambia, 'Baba mkubwa, hata mimi nikija huko napiga hodi.'"

Nikamwambia alale salama.

Ufunguo bado anao. Sijaudai, wala kitasa sijakibadilisha, na wanaoniambia nikibadilishe nawaambia waniache. Juzi nilikuwa jikoni, nikasikia hodi ndefu ya mtu aliyezoea kuadhini. Nikachukua simu kutazama. Kwenye picha palikuwa na ngazi tupu ya mlangoni kwangu, barabara na mbuzi wa watu. Hakuonekana hata upindo wa kanzu. Ikapigwa ya pili. Nikafuta mikono, nikajifunga kanga vizuri, bila haraka, nikaenda nikasimama nyuma ya mlango wangu.

"Nani?" nikauliza.